Maji Yako Yamenifikia Salama

Mheshimiwa Mbunge, mwanangu Jenerosa,

Itifaki naizingatia hapo juu tu, halafu tuachane nayo, maana mtu niliyemkogesha kwenye karai siwezi kumwita Mheshimiwa kurasa zote hizi. Tangu matokeo yatangazwe hata muuza mkaa, aliyekuwa akikuita "we mtoto", sasa anakutaja kwa cheo na kuinamisha kichwa. Mimi nitakuita mama, kama siku zote.

Huku hatujambo. Mashine ya kukoboa nayo haijambo, nimeibadilishia mkanda. Ningekupigia simu huko kijijini Mbingu kwa bibi yako, lakini kwenye simu unanikatiza, na bibi akisikia sauti yangu ataitaka simu aishike yeye mpaka chaji iishe. Kwa hiyo nimekaa kwenye benchi la wateja, mlangoni pa mashine, kabla giza halijaingia. Dereva atakayekufuata asubuhi atakupa bahasha hii. Isome yote kabla hujafika Ifakara. Kuna jambo utalikuta barabarani, nami sitaki ulione bila kujua limefikaje pale.

Sitakuambia uvae sweta kwa sababu ya upepo wa Dodoma. Una akili zako, na nguo umenunua mwenyewe. Chakula sikufungii, ukitaka mchele wa Kilombero utauagiza kama wanavyouagiza wenzako. Nataka kukuambia habari ya ndege, habari ya mtaro, na habari ya leo mchana. Ukizielewa hizo tatu, mengine utajifunza kwenye kanuni za Bunge.

Unakumbuka dungu letu, kile kichanja cha kuamia ndege kwenye shamba la Mbingu? Ulikuwa hujaanza shule. Mpunga ukianza kujaza, ndege wanashuka kama mtu amemwaga pumba toka juu. Tulikuwa tukipanda dunguni alfajiri, mimi na kamba zangu za makopo, wewe na sauti yako. Sauti ile, mama! Kwa baba yako haikutoka. Nikivuta kamba makopo yakalia, unasimama ukingoni unawatukana: "Wezi nyie! Nendeni kwenu! Mama zenu hawapiki?" Watu wa madungu ya jirani walikuwa wanacheka mpaka wanasahau kuamia mashamba yao.

Siku moja kundi zima likainuka, likaenda kutua ng'ambo ya mfereji, kwenye shamba la jirani. Nikakusifu. Wewe hukufurahi. Ukaniuliza, "Mama, kule hawali?"

"Wanakula."

"Sasa tumewafukuza au tumewapeleka?"

Nikakuambia, "Kula kiporo chako."

Hilo ndilo lilikuwa swali lako la kwanza la nyongeza, nami nilikujibu kama waziri: nilikutajia jambo jingine. Tungevuta kamba kwa pamoja, dungu kwa dungu, ndege wale wangekosa pa kutua wakaenda zao porini. Wazee wetu walifanya hivyo. Mimi nilikuwa na haraka na shamba langu.

Haraka hiyo naijua ilikotoka. Mtu aliyeanza na kikaango kimoja cha vitumbua pale Mkula, kandokando ya barabara, moshi machoni, akaongeza cha pili, akahamia mjini na mashine chakavu aliyoambiwa haitawaka, hajifunzi kungoja wenzake. Serikali haikunipa hata skurubu. Kila kilichomo humu nimekileta mwenyewe, na kila mwaka anakuja mtu mpya na stakabadhi mpya ya tozo yenye jina jipya. Nina kinyongo, sikatai. Kinyongo kimenisomeshea wewe. Lakini kina kasoro yake: kinakufanya udhani kila unachokidai ni chako peke yako.

Ndiyo habari ya mtaro.

Ulikuwa bwenini, kwa hiyo uliijua nusu. Mvua ikinyesha maji yalikuwa yanashuka mtaani yanaingia humu mashineni, pumba zinaelea, mpunga wa watu unalowa. Nilikwenda kila mkutano wa mtaa. Nilisimama, nikasema, nikarudia. Bwana mmoja mwenye kalamu mbili mfukoni akaniambia, "Mama, haya ni mambo ya kitaalamu, hebu kaa." Nikakaa, lakini moyoni nilibaki nimesimama. Bado nimesimama.

Baadaye wakabadili namna. Wakaniita mbele ya watu wakasema mimi ni mjasiriamali wa kuigwa, nikapigwa picha nimeshika maua ya plastiki. Picha ile si unaijua, ipo sebuleni, nimetabasamu kama bibi harusi. Wiki hiyohiyo likaja katapila. Wakachimba mtaro mzuri, wa mawe na saruji, kuanzia kona ya juu mpaka ukuta wa mashine yangu unapoishia. Hapo ukakoma, kama mtu aliyekatizwa maneno.

Mimi hesabu naijua, mama. Maji yanayoingia mtaroni lazima yatoke mahali, na chini yangu kuna duka la Bi Zuhura, pale mtaa unapoishia na barabara ya mashambani inapoanzia. Niliutazama ule mtaro nikajua kabisa yatakwenda wapi. Nikanyamaza. Mkutano uliofuata sikwenda, nikasema nina wateja.

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku kucha. Asubuhi nikamwona Bi Zuhura anapandisha kwangu, amekunja buibui mpaka magotini, ndala mkononi. Nikajiandaa kutukanwa. Hakunitukana. Unamjua yule, wazee wake ni watu wa Pwani, akitaka kukuumiza anaongeza adabu.

"Umeamkaje, Mama Jene?"

"Salama, Bi Zuhura."

"Nimekuja kukuarifu tu," akasema. "Maji yako yamenifikia salama."

Akageuka, akarudi kwake.

Nilimfuata. Unga wake ulikuwa umelowa, sukari imekuwa shira. Tulianika unga pamoja kutwa nzima, na jioni hata kuku waliukataa. Hakulirudia neno lile tena, si siku ile wala baadaye. Ila tangu hapo kila mbingu ikinguruma alikuwa ananiangalia na kutabasamu kidogo, nami nakosa pa kuuweka uso.

Nataka ulielewe hili vizuri kuliko yote. Sikuhongwa. Hakuna aliyeniletea bahasha, angeniletea ningemfukuza na mwiko. Walinipa kitu nilichokuwa nakidai kwa haki, kitu halali kabisa, ila wakanipa mimi peke yangu. Hapo ndipo nilipopotea. Rushwa ningeitambua kwa harufu. Haki yangu mwenyewe sikuitambua ilipokuja kunifunga mdomo.

Na wewe huko unakokwenda, mama, hawataanza na bahasha.

Basi. Nimelisema, limenitoka, sasa tucheke.

Unajua nasikiliza Bunge humu mashineni. Wakifika kwenye swali la bonde letu nazima mashine ili nisikie, na wateja wananuna. "Mama Jene, tumekuja kukoboa, hatukuja kwenye kikao!" Nawaambia watulie, wanazungumziwa. Halafu tunasikiliza wote jibu: Serikali iko mbioni. Serikali imekuwa mbioni tangu uko darasa la nne. Mtu aliyekimbia muda wote huo angekuwa amefika Mahenge, amesalimia ndugu, na kurudi.

Ukiambiwa kazi imefikia asilimia fulani, uliza asilimia ya nini. Ya fedha iliyotoka? Ya saruji iliyonunuliwa? Ya barabara ambayo bodaboda inapita? Mimi mteja akiniambia gunia limejaa nusu, naangalia ni gunia gani. Uliza kwa upole, kisha nyamaza. Usimsaidie mtu kujibu. Mimi wateja wangu wadanganyifu niliwajua kwa namna walivyouchukia ukimya.

Halafu huo mtindo wenu wa kushika shilingi kwenye mshahara wa Waziri mpaka atoe maelezo. Mbunge anainuka anaunguruma, nashika shilingi! Humu ndani tunapiga makofi. Waziri anainuka, nimhakikishie Mheshimiwa kwamba jambo lake nimelichukua. Mbunge anairudisha shilingi, tena na shukrani juu! Siku hiyo nawasha mashine kwa hasira mpaka mkanda unalia. Amelichukua kalipeleka wapi? Wewe ukiishika, usiiachie kwa sababu umesifiwa. Wakikuita mwanamke wa mfano, ikumbuke picha yangu ya maua ya plastiki.

Lakini usiende na matusi ya dunguni. Sauti unayo, hilo halina shaka. Kinachotakiwa ni watu wa kuvuta nao kamba. Upande ule mwingine wa ukumbi kuna wabunge ambao majimboni kwao kuna makorongo kama ya kwetu, na wanatamani uulize wewe ili wao wapate jibu. Kunywa nao chai. Waulize habari za watoto. Mimi nimelala nyumba moja na mtu wa chama kile miaka yote hii, na asubuhi ananichemshia maji.

Baba yako. Najua kinachokuumiza. Kampeni nzima hukusikia neno kwake. Balozi wa nyumba kumi wa chama tawala, binti yake amesimama upinzani, watu walikuwa wanakuja kununua mchele nusu kilo ili tu wachungulie kama tunagombana. Siku ulipopandisha bendera yako kwenye mwanzi uleule wenye bendera yake, walijaa uani kama kuna msiba. Yeye akatoka na kikombe chake cha chai, akatazama juu. "Ya kwake imefungwa vibaya," akasema, "italegea." Akapanda kwenye stuli akalikaza fundo. Wewe ulikuwa umeshaondoka kwenda mkutanoni, hukuliona hilo. Kura yake alimpa nani sijui, na sikumuuliza. Kuna mambo nayaacha yapumzike.

Sasa ya leo.

Jumapili baada ya misa ya shukrani uliahidi, mbele ya watu wote, kwamba swali lako la kwanza litakuwa barabara ya mashambani: makorongo matatu, hakuna kalavati hata moja, na wakati wa mavuno magunia yanavushwa kichwani. Bi Zuhura alipiga kigelegele mpaka mtungi wa maji ya baraka ukatikisika. Basi leo mchana, wewe umekwenda kwa bibi, lori likasimama hapa mlangoni. Juu lina mabomba manne ya zege, makubwa, mtoto anapita ndani bila kuinama. Akashuka bwana mmoja, kiatu kinang'aa, ofisi hakuitaja.

"Shikamoo, Mama Mheshimiwa."

"Marahaba, baba. Karibu. Umeleta kukoboa?"

Akacheka. "Tumekuletea kalavati, mama. Kesho kutwa fundi anakuja kuweka hapahapa mbele ya mashine. Magari ya wateja wako yaingie vizuri."

"Mungu akubariki. Na barabara ya mashambani?"

"Ile iko kwenye mchakato."

"Ina makorongo matatu," nikamwambia, "na kila moja linataka mabomba manne. Nne mara tatu. Mbona naona manne tu?"

"Mama, mambo mengine tunayamaliza kinyumbani. Mheshimiwa akifika kule hana haja ya kuanza na lile swali. Mgeni haanzi na lawama. Atulie kidogo, azoee."

Nikamtazama yule kijana, mama, na sikumchukia. Alikuwa na adabu. Pengine ametumwa na mtu aliyetumwa. Nikasikia tu sauti ya Bi Zuhura kichwani, na ndala zake mkononi.

"Nitamfikishia," nikamwambia. Nawe ndiyo hivyo, nimekufikishia.

Mwanasiasa angelirudisha lile lori na hotuba. Mimi ni mfanyabiashara, mali iliyofika hairudi. Nikamwambia ashushe. Wakayashusha, akaniaga vizuri, akaondoka anapiga honi.

Nikakaa kwenye benchi hili nayatazama yale mabomba. Baba yako akatoka ndani. Alikuwa amesikia yote, dirisha lilikuwa wazi. Amevaa fulana yake ya chama, ile ya kazi za nyumbani. Akalizunguka bomba la kwanza, akaligonga kwa kidole kama anapima tikiti.

"Haya yamekuja kwa nani?" akaniuliza.

"Kwangu."

"Mimi," akasema, "ni balozi wa nyumba kumi. Siyo wa nyumba moja."

Akakunja suruali. Akaweka bega.

Bomba halikusogea hata unywele. Nikaangua kicheko, Mungu anisamehe, nikaenda kuweka bega langu karibu na lake. Wabeba magunia wakatuona wakaja mbio, "Balozi, utavunjika! Tupishe!" Wakaja akina mama wanaopepeta, pumba nywele zote. Wakaja vijana wa bodaboda, mmoja akataka kulifunga bomba kwa kamba alivute na pikipiki, tukamfukuza. Hata mwenyekiti wa mtaa alifika na daftari lake, akauliza nani ametoa kibali, baba yako akamwambia, "Mwenyekiti, hatujayachukua, tunayasogeza. Shika hapa." Akashika.

Basi tukaanza kuyasukuma kuelekea bondeni, moja moja, kwa wimbo. La kwanza lilikwenda kwa heshima. La pili likatutoroka. Mama! Likakamata mteremko, likapita kibanda cha chipsi, kuku wanaruka, watu wanapanda vibarazani, Bi Zuhura katoka dukani anapiga kelele, "Mama Jene, hilo si gunia la mpunga!" Likaingia kwenye migomba yake, likalaza mgomba mmoja, likatulia. Hakuna aliyeumia. Mtaa mzima ukalipuka kwa kicheko. Baba yako alikaa chini katikati ya barabara, ameshika mbavu. Sijamwona akicheka vile tangu ubatizo wako.

La tatu na la nne tuliyashikia kamba kwa nyuma, watu upande huu na upande huu, tukayashusha kama mgonjwa. Yote manne sasa yako mdomoni mwa korongo la kwanza, barabara ya mashambani, mbele ya duka la Bi Zuhura. Hayajalazwa, hayo ni ya fundi, na fundi tunamngoja kesho kutwa kama tulivyoahidiwa. Hapa mbele ya mashine yangu hakuna kitu. Kuna alama ya duara kwenye vumbi, basi.

Bi Zuhura alileta chai ya tangawizi na mkungu ulioanguka, akatugawia. Watu wakakaa juu ya mabomba wanakunywa. Akaja nilipokaa, akanishika mkono mbele ya kila mtu. Nikajua anachotaka kusema, nikaona aibu kabla hajafungua mdomo.

"Mama Jene," akasema, "mabomba yako yamenifikia salama."

Tulicheka, tukalia kidogo, tukacheka tena. Hayo ndiyo malipo yangu, mama. Hata kama hutajenga kitu miaka yako yote huko, mimi leo nimelipwa.

Lakini utajenga. Utauliza, wewe na wale wa kunywa nao chai. Usilitulize swali. Nakurudishia likiwa zito kuliko ulivyoliacha Jumapili: yalitakiwa mabomba kumi na mawili, manne tumeyaona kwa macho yetu, manane yako wapi, na fundi wa kuyalaza yuko wapi? Na usiulize ya kwetu tu. Uliza ya bonde zima, mpaka ndege wakose pa kutua.

Baba yako amekataa kurudi nyumbani. Anasema mali ya watu hailali peke yake barabarani. Nimempelekea blanketi, redio na ugali. Nilipomwambia nakuandikia, alisema: "Mwambie apite huku asubuhi, nimuage." Kisha akaniomba shati lake la kwenda kanisani, nilipige pasi. Siyo la chama, mama. La kanisani.

Kwa hiyo mwambie dereva asinyooshe moja kwa moja barabara kuu. Pindeni kwa Bi Zuhura, pigeni honi. Utashuka, utampa baba yako shikamoo yake, utapanda, mtashika njia ya Mkula na Sanje mwende zenu, nami nitawasha mashine ili nisisikie gari likiishia.

Na siku hiyo ikifika, mkiwa ukumbini, Waziri akikuambia vifaa bado viko njiani, simama taratibu, mshukuru, umwambie manne yameshafika, na moja amelikalia baba yangu.

Nakupenda kwa moyo usiokaa chini,
Mama yako